Mtunza Funguo

Wakaguzi walifika Jumanne, saa nne kasoro,
magari mawili meupe, matope ya Chwele hadi viooni.
Mkuu wa chuo alikuwa amevaa tai ya mahafali.
Mimi nilikuwa na kitita changu cha funguo,
mia moja na tatu, na mmoja usiofungua kitu.

Walihesabu.
Walihesabu vitabu, na rafu, na nafasi kati ya rafu na rafu.
Wakahesabu madaktari wa falsafa: tisa,
kumi ukimtia Dakta Wamukoya
aliyelazwa Webuye na mgongo,
nao hawakumtia.
Walifungua bomba la bweni la pili,
likakohoa, likatema kutu,
kisha, namshukuru Mungu, likatoa maji.
Yule mama mwenye miwani akaandika neno moja.
Niliifuata kalamu kwa jicho, sikulipata.

Sifa ya chuo chetu hukaa sokoni.
Wapo wasemao: kile cha mlimani,
ambako watoto wa watu hulala saa nne na kuamka na jogoo.
Wapo wasemao: kile kisicho na lami.
Na yupo aliyeniambia usoni, napimiwa omena,
"Baba Sifuna, hicho chenu ni sekondari iliyovaa joho."
Sikumjibu.
Mwanawe alikuwa chumba cha kumi na sita,
na karo yake tulikuwa tukiingoja tangu Januari.

Adhuhuri walikula kuku, ugali wa wimbi na mrenda.
Walipokwisha kunawa, yule kijana wa tarakilishi akauliza:
"Wahitimu wenu, asilimia ngapi wamepata kazi
ndani ya mwaka mmoja?"
Ofisi ikanyamaza.
Faili ilikuwa na kurasa tatu, ya pili wameila mchwa.
Mkuu akanitazama mimi.
Mpaka leo sijui kwa nini mimi.

Asilimia siijui. Navijua vyumba.
Chumba cha tatu, Namalwa,
aliyesoma kwa tochi ndani ya blanketi,
nikampokonya betri mara mbili:
sasa hupima damu Lodwar, na Krismasi hunitumia salamu.
Chumba cha tisa, Ndiema, hisabati, daraja la kwanza:
huuza nyanya Kapsokwony.
Lakini Kapsokwony nzima haipandi
mpaka Ndiema aseme bei ya Agosti itakuwaje.
Hiyo ni kazi? Fomu ina kisanduku chake?
Chumba cha ishirini na mbili, mapacha wa Malaba:
Opio yuko forodhani,
Odongo angali anangoja barua.
Hupigiana simu kila Jumapili,
na mwenye mshahara ndiye anayepiga.

Na chumba cha thelathini, Nasipwondi.
Mwaka wa tatu alikwenda kumzika mamake, akabaki na wadogo zake.
Hakuhitimu, kwa hiyo hayumo katika orodha,
hata ile ya mchwa.
Alirudisha ufunguo kwa mkono wa jirani, umefungwa kitambaani.
Kitasa tulikuwa tumekwisha kukibadilisha.

Niliyasema haya? Wapi!
Nilisema, "Wengi, mheshimiwa. Wengi wako kazini."
Kijana akaandika: *hakuna takwimu.*

Barua ya ithibati ilikuja Machi.
Miaka mitatu, si mitano, na kwa masharti:
rafu, madaktari, rejista ya wahitimu.
Mkuu aliwasomea wanafunzi mara mbili uwanjani,
na neno *masharti* akaliruka
kama mtu mwenye viatu vipya arukavyo dimbwi.
Wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, funguo zikalia.

Jioni nilinunua daftari, kurasa mia mbili,
nikapiga mistari kwa ukingo wa sinia:
chumba, jina, alipo.
Hakuna aliyenituma.
Mstari wa kwanza nimeandika thelathini, Nasipwondi,
na penye *alipo* sijaandika.

Anayejua aje aniambie.
Nipo langoni mpaka saa nne ya usiku,
kisha nafunga.